Koili za Kuwashia kwa Injini ya Tabo Iliyoongezwa Nguvu: Mafunzo ya Pwani ya Kusini

Koili ya kuwashia hupandisha umeme wa betri, ambao ni volti 12 hadi 14, mpaka ukafikia volti elfu 20, elfu 30 au zaidi, ili cheche iruke kati ya ncha za plagi na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, wa pili mwembamba wenye mizunguko elfu kadhaa. Mkondo ukipita kwenye waya mnene, nguvu ya sumaku hujengeka. Mkondo huo ukikatwa ghafla, sumaku huporomoka na volti kubwa hutokea kwenye waya mwembamba. Kasisi Nicholas Callan wa Ireland alionyesha kanuni hii mwaka 1836, na Heinrich Ruhmkorff akaiboresha mjini Paris kufikia 1851. Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyeifanya iwe kifaa cha kawaida cha magari, kuanzia Cadillac, mwanzoni mwa miaka ya 1910. Tangu hapo vilivyobadilika ni umbo, mahali inapofungwa na chombo kinachokata mkondo. Kazi yenyewe ni ile ile.

Injini ya kawaida haiisumbui koili. Injini ya tabo huisumbua, na injini ya tabo iliyoongezwa presha huisumbua zaidi, kwa sababu iliyoelezwa na Mjerumani Friedrich Paschen mwaka 1889: volti inayohitajika ili cheche iruke hutegemea msongamano wa hewa iliyo kati ya ncha mbili, na umbali wa ncha hizo. Hewa ikisongamana zaidi, volti zaidi. Pengo likipanuka, volti zaidi. Tabo hujaza silinda kwa hewa nzito, pistoni huibana tena, na cheche hutakiwa iruke katikati ya msongamano huo. Koili isipoweza kufikisha volti hiyo, cheche hairuki kabisa au huvuja kupitia mpira wa koili na kauri ya plagi hadi kwenye chuma. Dereva husikia gari likikata: linavuta vizuri, mara linajikwaa, petroli isiyoungua inalipukia kwenye ekzosi, kisha linavuta tena.

Magari ya namna hii si machache Ukunda na Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Miongoni mwa injini za tabo zinazoongezwa nguvu nchini Kenya, EJ20 ya Subaru ndiyo inayoonekana sana, iwe ndani ya Impreza, Forester au Legacy. Mapenzi ya watu kwa Subaru yana mizizi: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akaishindia Subaru tena mwaka 2000. Baada ya EJ20 huja 1JZ-GTE ya Toyota, SR20DET ya Nissan, na Golf za tabo ambazo wenyewe huzipeleka kubadilishiwa programu ya kompyuta. Mengi ya magari haya hupangiwa programu hiyo Nairobi. Jambo hilo lina uzito mkubwa katika kuchagua koili, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huko ni kilopaskali 83 hivi. Diani ni 101. Gari ambalo tabo yake inadhibitiwa kwa springi au kidhibiti cha mkono hupima presha kwa kulinganisha na hewa ya nje, si kwa hesabu kamili. Likipangiwa bar 1.2 kule Nairobi, presha kamili ndani ya manifoldi huwa bar 2.03. Likiteremka hadi Ukunda bila kuguswa hata skrubu moja, bar 1.2 ile ile ya kwenye geji huwa 2.21. Ni ongezeko la asilimia 9 hivi. Joto la pwani hupunguza msongamano kidogo, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, lakini halirudishi tofauti yote. Koili iliyokuwa ikifanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake Nairobi hujikuta imevuka ukingo huo pwani. Ndiyo maana msimu wa Desemba na Pasaka, watalii wa ndani wanapojaa Diani, gereji za Ukunda hupokea magari ambayo wenyewe huapa kwamba yalikuwa hayana tatizo lolote.

Gari moja la aina hiyo lilitoa funzo ambalo mafundi waliokuwapo wamekuwa wakilitumia tangu wakati ule. Lilikuwa Impreza yenye EJ20, tabo kubwa kuliko ya kiwandani na intakula iliyohamishiwa mbele. Lilikuwa likikata kila lilipopanda barabara ya Kombani kwenda Kwale. Barabara hiyo hupita Golini na kupanda kutoka uwanda wa pwani hadi mji wa Kwale, ulio karibu mita 400 juu ya bahari. Kwa gia ya tatu na mguu umezama, hakuna mahali pazuri kuliko hapo pa kuifanya koili ionyeshe udhaifu wake. Mwenye gari, kijana kutoka Nairobi, alikuwa amekwisha kununua seti ya koili za mashindano kwa bei ya kutisha, na zilikuwa bado zimo kwenye sanduku.

“Mzee, nimeambiwa koili zimekufa,” alisema. “Nifungie hizi mpya leo leo, kesho nina safari ya Lunga Lunga.”

Fundi, mzee wa Kidigo aliyezeekea kwenye magari ya tabo, hakulifungua sanduku. Alitoa betri ili afikie upande wa kushoto, akatoa kikasha cha hewa ili afikie wa kulia, maana kwenye Subaru plagi hulala ubavuni mwa injini, karibu na fremu. Alipima mapengo kwa fila geji: milimita 0.8 na ushee kidogo. Akairudisha betri, akafungua soketi ya koili moja, swichi ikiwa imewashwa na vifaa vingine vikivuta umeme, akalinganisha volti ya pale na ya betri kwa mita. Zilikuwa zinapotea karibu volti mbili njiani. Alipofuata waya wa athi hadi ulipofungwa kwenye injini, alikuta chuma kimegeuka kijani chini ya boliti.

“Koili hazijafa, kijana wangu,” alimwambia. “Zina njaa.”

Alisugua athi hadi chuma kikang'aa, akaifunga upya, akaleta mapengo ya plagi hadi milimita 0.65. Gari lilipanda Golini bila kukata. Koili za zamani zilibaki mahali pake, na zile mpya zikarudi Nairobi kwenye sanduku lake.

Hesabu ya jambo hilo iko wazi. Nishati inayowekwa ndani ya koili ni nusu ya uwezo wa waya wake wa kuhifadhi sumaku, mara mkondo, mara mkondo tena. Kwa muda ule ule wa kujaza, mkondo hupungua kwa kiwango kile kile volti inavyopungua. Volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, mkondo hupungua kwa asilimia 14, lakini nishati, kwa kuwa inafuata mkondo mara mbili, hupungua kwa zaidi ya robo. Hakuna koili ya bei yoyote inayosamehewa hasara hiyo. Ikifungwa kwenye waya ule ule wenye kutu, nayo itapata njaa ile ile. Upande wa pengo, kutoka milimita 0.8 hadi 0.7 ni punguzo la asilimia 12.5, na volti inayohitajika hupungua kwa kiasi kinachokaribia hapo. Punguzo hilo peke yake hufidia tofauti yote ya Nairobi na Diani. Pengo halifai kubanwa ovyo, kwa sababu cheche fupi huwasha mchanganyiko vibaya injini ikinguruma tu bila mzigo, na gari huanza kutetemeka kwenye taa za barabarani. Kwa injini nyingi za tabo zenye presha ya kati, milimita 0.6 hadi 0.75 ndiyo nafasi ya kufanyia kazi.

Kwa hiyo uchaguzi wa koili huanza na swali moja: gari linakata wapi? Mahitaji ya volti hufika kileleni pale injini inapojaza silinda vizuri kuliko popote, yaani kwenye torki ya juu kabisa, ambayo kwa EJ20 yenye tabo ya kadiri huwa kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika. Gari linalokata hapo, na kutulia mizunguko ikizidi kupanda, linadai volti: plagi, pengo, au koili yenye uwezo mkubwa zaidi. Gari linalovuta safi hapo lakini likakata likikaribia mizunguko 7,000 lina shida tofauti, ya muda. Kwenye mizunguko 7,000, mzunguko mzima wa silinda moja huchukua milisekunde 17 tu. Injini yenye koili moja kwa kila silinda huwa na milisekunde zote hizo za kujaza na kutoa cheche. Injini ya silinda nne yenye koili moja na distribyuta ina milisekunde 4.3 kwa kila cheche, ilhali koili yenyewe huhitaji takriban 3 kujaa, na cheche huwaka kama 1 au zaidi. Hapo hakuna nafasi iliyobaki. Ya silinda sita yenye distribyuta ina 2.9, ambazo hazitoshi hata kujaza.

Kati ya mpangilio wa koili moja kwa kila silinda na ule wa distribyuta kuna mpangilio wa koili moja kwa silinda mbili, ambapo cheche moja hupotea kwenye silinda iliyo katika kutoa moshi. 1JZ-GTE ya VVT-i ilitoka kiwandani hivyo, na koili tatu kwa silinda sita. Mpangilio huu una muda wa kutosha, lakini una kasoro ambayo wengi hawaijui: plagi moja katika kila jozi hupata umeme uliogeuzwa, cheche ikiruka kutoka ncha ya nje kwenda ya kati, na cheche ya namna hiyo hudai volti zaidi. Kwenye presha ya kiwandani hilo halionekani. Kwenye presha kubwa, silinda hizo ndizo za kwanza kukata. Kuzihamishia injini hizi kwenye koili moja kwa kila plagi ni kazi inayostahili gharama yake, na ni miongoni mwa mabadiliko machache ya mfumo wa kuwashia yanayoweza kupendekezwa bila kusita.

Koili za kufanyia kazi hiyo si lazima ziwe za mashindano. Mafundi wengi duniani hutumia koili za Toyota za magari madogo, kama ile ya injini ya 1NZ-FE iliyomo ndani ya Vitz na Probox, kwa sababu hukaa juu ya plagi moja kwa moja na zina ignaita, yaani chombo kinachokata mkondo, ndani yake. Kenya zimejaa kila duka la spea. Nishati yake si kubwa, lakini kwa 1JZ ya presha ya kadiri, yenye mapengo yaliyobanwa, hutosha. Wenye Golf na Audi za 1.8T hufunga koili nyekundu za Audi R8, ambazo huingia mahali pale pale. Wanaotaka nguvu za juu kabisa hukimbilia koili za malori ya General Motors ya injini za LS, zinazotoa zaidi ya milijuli 100 wakati koili nyingi za kiwandani hukaa kati ya 30 na 60. Hizo hazikai juu ya plagi. Hufungwa pembeni na kuunganishwa kwa waya fupi za plagi. Kwenye Subaru zina faida ya pekee, maana zinaondoka kule ubavuni kwenye joto la ekzosi na maji ya barabarani. Hasara yake ni waya za plagi, kitu cha ziada kinachozeeka.

Kabla ya kununua, fundi hana budi kujua kama koili ina ignaita ndani au haina. Ignaita ni transista inayokata mkondo mkubwa kwa amri ndogo ya kompyuta. Koili za EJ20 za miaka ya 1990 na za 1JZ za mwanzo hazina. Ignaita yake ni kisanduku kando. Koili yenye ignaita ikiunganishwa mahali pa isiyokuwa nayo, itapokea umeme ambao haikuundiwa na kuungua. Isiyokuwa nayo ikiunganishwa moja kwa moja kwenye waya wa amri, itaichoma kompyuta, na kompyuta ni ghali kuliko koili zote kwa pamoja. Koili za Toyota zina pini nne: umeme, athi, amri, na waya wa kuijulisha kompyuta kwamba cheche imepigwa. Kompyuta ya Toyota isipopata taarifa hiyo huzima petroli, kwa hiyo kwenye gari lililobakia na kompyuta yake ya asili, waya huo wa nne haupuuzwi.

Kuna pia muda wa kujaza, na hapa koili nzuri nyingi hufa mikononi mwa watu wenye nia njema. Kila koili ina muda wake. Ukiwa mfupi mno, haijai. Ukiwa mrefu mno, kiini cha chuma hufikia mwisho wa uwezo wake wa sumaku, na kuanzia hapo kila milisekunde ya ziada hugeuka joto tupu. Koili ya malori ya LS huvumilia karibu milisekunde 4.5 kwenye volti 14; ndogo ya Toyota au ya Subaru hutaka chini ya hapo. Muda huo huwekwa kwenye kompyuta kulingana na volti ya betri, mrefu zaidi betri ikishuka. Na amri ya kupiga cheche lazima iwe ya upande sahihi: ikigeuzwa, koili hukaa imejazwa wakati inapopaswa kupumzika, na hupikika kwa muda mfupi, huku injini bado inanguruma na mwenye gari akidhani yuko salama. Mtu aliyebadilisha koili bila kubadilisha jedwali la muda wake amebadilisha nusu ya kazi.

Umeme wa koili unafaa utoke kwenye rilei yake yenyewe, kwa waya mnene na fyuzi yake, si kwenye waya mwembamba wa kiwandani uliovaa miaka 20 ya joto. Wastani wa mkondo ni mdogo, ampia 2 au 3 kwa koili nne, lakini vilele vyake hufika ampia 7 au 8, na waya mwembamba huviangusha vilele hivyo. Athi irudi kwenye silinda hedi, karibu na plagi, na silinda hedi iunganishwe na betri kwa waya mnene wa pili. Hii ni kazi ya fedha kidogo na saa chache.

Bidhaa bandia ni janga la soko hili, na linauma, kwa sababu anayelipia ni kijana aliyekusanya pesa zake kwa muda mrefu. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 na mamlaka iliyoundwa chini yake, lakini kwenye kaunta ya duka la spea mnunuzi yuko peke yake. Koili bandia mara nyingi huwa nyepesi, kwa kuwa chuma chake ni kidogo na lakiri ya ndani haikujaza vizuri. Maandishi yake huwa yamepigwa juu juu, na mpira wake ni mgumu. Kwa zisizo na ignaita, mita huonyesha kama waya wake unalingana na wa asili. Kwa zenye ignaita, kipimo hicho hakina maana. Hizo hupimwa kwa kuzihamisha: msimbo wa kompyuta ukisema P0302, koili ya silinda ya pili huhamishiwa ya nne. Msimbo ukigeuka P0304, koili ndiyo yenye makosa. Ukibaki P0302, itafutwe plagi, waya au sindano ya petroli. Koili za asili zilizotumika, zinazokuja na injini kutoka Japani, mara nyingi ni dau bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka.

Hewa ya bahari hufanya mengine. Kati ya Aprili na Septemba upepo wa kusi huleta unyevu na chumvi moja kwa moja kwenye ufuo wa Diani na Msambweni, na gari linaloegeshwa usiku karibu na maji hushika chumvi kwenye kila pini iliyo wazi. Soketi za koili hupata ukungu wa kijani, upinzani huongezeka, na dalili yake hufanana kabisa na koili dhaifu. Grisi ya silikoni kidogo ndani ya mpira wa koili huzuia cheche kuvuja na unyevu kuingia; soketi yenyewe hutaka kusafishwa kwa dawa ya umeme na kufungwa mpaka ilie. Baada ya masika, ukaguzi wa soketi zote na boliti za athi ni bora ufanywe hata kama gari halina malalamiko.

Majaribio ya mwisho yangefanywa vizuri kwenye dainamomita. Ukanda ulionyooka baada ya Gazi huwashawishi wengi, lakini ni barabara ya wanafunzi, bodaboda na akina mama wenye mizigo kichwani, na haifai kugeuzwa uwanja wa kupimia mizunguko 7,000. Mteremko wa Golini, ukipandwa kwa mwendo wa halali na gia ya juu, huweka mzigo wa kutosha kuonyesha kama volti zinatosha, maana kinachotafutwa pale ni torki. Kompyuta yenye kurekodi huonyesha silinda iliyokata na presha iliyokuwapo wakati huo. Kwa anayeelekea Shimoni au Lunga Lunga, koili moja ya ziada na plagi moja iliyokwisha kupimwa pengo hutosha kuwekwa kwenye buti, pamoja na spana ya kuzifikia, kwa kuwa gari la silinda nne linalokosa moja huweza kurudi Ukunda polepole, lakini petroli isiyoungua huichoma katalisti njia nzima.